Tuni ya Wimbo wa Nne

Jumamosi. Theluji ya leo ina maji mengi. Inagonga dirisha letu la ghorofa ya kumi na nne na kuteleza chini bila kutulia. Sina huzuni. Furaha pia sina. Naandika tu yaliyotokea, tena kwa Kiswahili, maana shuleni hakuna atakayeisoma blogu hii.

Yote yameanzia kwenye albamu niliyoazima maktaba, ya bendi ya Wamarekani wanaopiga rege laini, ile iliyochanganywa na pop. Jaladani kuna minazi na gari kuukuu la rangi ya chungwa. Nilisoma kijitabu chake chote kabla ya kusikiliza, hadi jina la mpiga ngoma, kwa sababu ndivyo nilivyo. Sikumwambia mtu. Wenzangu darasani ambao wazazi wao wametoka Jamaika huiita rege ya namna hiyo maji ya sukari.

Nadhani hawajakosea sana. Karibu nyimbo zote zinasema jua linawaka na tusiwe na wasiwasi. Lakini wimbo wa nne umetulia. Besi inatembea kama mtu asiye na haraka ya kufika, na mwimbaji anamwomba radhi mtu tusiyemjua. Niliurudia mpaka mama akauliza kama mashine imekwama.

Mwezi uliopita Mwalimu Zakaria, anayefundisha kwaya yetu, alitaka vijana tulete wimbo mpya kwa sikukuu ya shukrani kanisani. Wengi wetu tunaelewa Kiswahili lakini tunajibu kwa Kiingereza, kwa hiyo macho yote yalinigeukia mimi ninayekiandika. Nikaandika beti tatu juu ya bibi yangu aliyebaki nyumbani Uvira, anayetuombea kila siku bila kujua sasa sura zetu zikoje. Maneno yalikuja. Tuni haikuja. Nikayavisha tuni ya wimbo wa nne.

Kina mama wa kwaya waliushika kwa jioni moja. Kwa kawaida huwachukua wiki tatu. Mwalimu akatangaza mbele ya wote kwamba Mungu amenipa kipaji cha kutunga, maneno na tuni.

Sikumsahihisha.

Mtu mwenye haya ana faida moja: ukimya wake haumshangazi mtu. Kila nilipopewa hongera nilitazama viatu vyangu, wakasema nina unyenyekevu.

Sikukuu ni kesho, na jina langu limo kwenye ratiba, kando yake "maneno na tuni". Leo mazoezini nilisimama nikasema tuni si yangu, nimeitoa kwenye albamu ya Wamarekani.

Mama Riziki, anayeongoza sauti ya pili, alicheka mpaka akashika kiti.

"Mwanangu, ulidhani hatujui? Wimbo huo tunafunga nao mikate kiwandani kila siku. Redio ya msimamizi haina mwingine!"

"Ndiyo maana tuliushika upesi," akadakia jirani yake. "Ulifikiri tumepata akili ghafla?"

Kumbe. Na mimi nilidhani ni maneno yangu yaliyowaingia. Hilo limeniuma kuliko aibu yenyewe; naliandika hapa ili nisijidanganye.

Mwalimu peke yake hakucheka. Yeye anahudumia wazee, na huko kazini kwake hakuna redio.

"Na bibi? Naye umemtoa kwenye albamu?"

"Hapana, Mwalimu. Bibi ni wangu."

"Basi bibi abaki. Tuni tuwarudishie wenyewe."

Akachukua kalamu, akafuta neno "tuni" kando ya jina langu, kisha akatufundisha tuni yake papo hapo. Ni nzito, na inapanda pale pale zinapopanda nyimbo zake zote. Kufikia ubeti wa pili mabega ya kina mama yalikuwa yamesharudi kiwandani, sauti zikifuata tuni ya redio, na Mwalimu akapiga meza. Mara tatu alipiga meza.

Ubeti wa tatu, bibi anapotaja majina yetu moja moja, walishika tuni ya Mwalimu hadi mwisho. Mama Riziki hakumaliza. Alijifuta uso kwa kanga. Labda ni jasho; ukumbi ule una joto. Sikuuliza.

Diski nitairudisha maktaba Jumatatu. Kesho tutaimba, kwa tuni ipi sijui, hata Mwalimu hajui. Jina langu liko kando ya maneno tu.

Linatosha hapo.