Mama wa Kambo Haombi Radhi

4 Mei

Kwako Mama Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini magoti hayakusumbui sana kipindi hiki cha baridi, na kwamba paka wa jirani ameacha kulalia nguo zako. Sisi hatujambo. Duka la miwani linakwenda. Watu bado hawaoni vizuri, kwa hiyo bado tunakula. Nimekupigia simu hupokei, basi nakuandikia, kama unavyopenda.

Nina habari njema. Lile jumba la sinema la zamani, lililogeuzwa ghala la magodoro, limepakwa rangi upya, na kamati ya kumbukumbu ya waigizaji imeamua kulipa jina la mama. Mwezi ujao utatimia mwaka tangu tumzike. Siku hiyo watafungua jumba, watafunua picha yake kubwa, kisha wataonyesha filamu yenu, ile ya kofi. Hakuna aliyeigiza naye zaidi yako, na Mwenyekiti wa kamati anaomba uwepo.

Kuna jambo moja dogo. Mwenyekiti anasema watu hawajasahau. Kwao wewe bado ni mama wa kambo aliyempiga Njiwa wao, kama walivyozoea kumwita mama. Anapendekeza upande jukwaani, uisogelee picha ya mama, upige magoti na kumwomba radhi. Maneno machache tu. Anasema itawagusa watu, na baada ya hapo hutazomewa tena sokoni.

Usikasirike. Au kasirika, halafu uje.

Mwanao


11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yananiuma, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kutoyapiga mbele ya Mwenyekiti wako. Paka amehama.

Niliisoma barua yako, nikavua miwani uliyonipa, nikaifuta, nikaisoma tena. Ilikuwa imeandikwa vilevile. Niombe radhi kwa kosa gani? Kazi ya mama yako ilikuwa kupendwa. Yangu ilikuwa kuchukiwa, na nilichukiwa vizuri. Muuza nyama alikuwa akinipimia mifupa. Mwanamke mmoja alinimwagia maji ya kufulia nikipita chini ya dirisha lake, nikaenda nyumbani nimelowa huku nacheka, maana filamu ilikuwa imetoka juma lile lile.

Nikueleze habari ya kofi hilo, kwa kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mwongozaji alitaka mkono upite kando ya shavu, sauti ingetiwa baadaye. Tukafanya hivyo. Mama yako akatupa chini kitambaa alichokuwa amekishika, akanijia. Akasema, "Dada, mbona unanipapasa? Piga. Wakiona wewe unanihurumia, wao watanihurumia kwa nini?" Nikampiga. Sikio lilimlia mpaka jioni. Mchana alikula chakula chake, akala na changu, akasema hiyo ndiyo fidia. Tulimalizana pale pale, kwenye sahani. Sasa huyo Mwenyekiti anataka kufungua kesi ambayo mama yako mwenyewe aliifunga kwa kijiko.

Namfahamu bwana huyo. Mama yako alipofika umri wa kuwa bibi alikwenda ofisini kwake, enzi hizo yeye ndiye akigawa kazi za filamu, kuomba kazi, akaambiwa sura imechoka. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje, niliyasikia. Bila shaka picha watakayoitundika ni ya usichana. Ile iliyochoka hawaitaki hata leo. Watapanda jukwaani kusema nyota imezimika, ameacha pengo lisilozibika. Pengo walilichimba wao. Kufa kufaana.

Tena siku ya mazishi nilikuja, nawe hukuambiwa. Wanawake waliokuwa langoni walinizuia. Mmoja akauliza, "Umekuja kummalizia?" Wenzake wakacheka, msibani. Nilirudi na shada langu la maua, nikalitia kwenye ndoo ya maji. Lilidumu kuliko huzuni yao.

Siji. Mwambie Mwenyekiti kwamba mama wa kambo haombi radhi. Angeomba, filamu ingeishia katikati.

Mama yako mkubwa


16 Mei

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kwamba u mzima; hasira kama ile haitoki kwa mgonjwa.

Mabango yamekwisha kuchapwa. Mwenyekiti hakuniuliza. Yameandikwa MAMA WA KAMBO ATUBU, kwa herufi kubwa kuliko jina la mama. Nilimfuata ofisini. Nikamwambia, "Bwana Mwenyekiti, hajakubali." Akanijibu, "Binti, hao huwa wanakubali. Waigizaji wakiona watu hawakai nyumbani." Kisha akanieleza bila haya kwamba watu wanakuja kukuona wewe ukipiga magoti, hawaji kwa ajili ya picha. Wasipojaa, wafadhili watajitoa, na jumba litarudi kuwa la magodoro.

Mama Mkubwa, nataka jina la mama liandikwe mahali. Mabango yake yote yaliliwa na mvua na mchwa. Filamu nyingine zimeoza kwenye makopo. Nikifa mimi, nani atajua kwamba alikuwapo?

Na hayo ya langoni sikuyajua. Nilikuwa ndani nimekaa na wafiwa, nakutafuta kwa macho, mpaka nikasema moyoni: hata yeye hakuja. Mwaka mzima nimekuwekea kinyongo. Nani katika wale wanawake anajua kwamba ni wewe uliyekuwa ukija kwa mlango wa nyuma kumkata mama kucha za miguu, aliposhindwa kuinama?

Nakusihi.

Mwanao


19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Bango nimeliona. Limebandikwa kwenye ukuta wa kinyozi, mkabala na dirisha langu, nami hulitazama ninapokunywa chai. Limenichora kama mwizi wa kuku.

Kinyongo umefanya vizuri kukitoa. Ni mzigo, na wewe una mabega ya mama yako, hayakuumbwa kwa mizigo.

Habari ya kucha usimwambie mtu yeyote. Wataigeuza hotuba.

Siji.

Mama yako mkubwa


12 Juni

Kwako Mama Mkubwa,

Shikamoo. Kimya changu hakikuwa cha kununa. Watoto wa shule walikuwa wakipimwa macho, na mimi nilikuwa nikifikiri.

Jana walijaribu mashine ndani ya jumba tupu, nikaitazama filamu peke yangu. Sikuwahi kuitazama yote. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa akinifunika macho kila ulipotokea mlangoni, ili nisije nikakuogopa ukija kwetu kula. Safari hii nilikuangalia wewe. Unauliza swali lako, unapiga kofi, kisha unasimama. Mama anakawia kujibu. Anakawia mno, mpaka nikadhani mashine imekwama. Wewe unamngoja, hata kope huzipepesi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba lile jibu, ambalo watu wamelikariri miaka yote, lilitengenezwa na wawili.

Sikuombi tena upige magoti. Jumba likiwa la magodoro na liwe. Njoo useme unalotaka, au usiseme kitu. Njoo umuage, maana hukumuaga. Langoni nitasimama mimi.

Mwanao


15 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nitakuja.

Usinishike mkono, mimi si bibi harusi wala mgonjwa. Sitavaa nyeusi. Nitavaa lile gauni la kijani la kwenye filamu, ambalo bado linanienea mabegani. Kwingine fundi ameongeza kitambaa.

Mwenyekiti ameniletea karatasi ya maneno ya kutubu. Nimeyasahihisha makosa kwa wino mwekundu na kumrudishia. Akasema, "Basi mama, umekubali kuyasoma!" Nikamwambia nimekwisha kuyasoma, na ndiyo maana yamejaa wekundu.

Mama yako mkubwa


24 Juni

Mama Mkubwa wangu,

Shikamoo. Nilikukimbilia hadi kituo cha basi, ulikwisha kuondoka. Natumaini ulifika salama na magoti yamepumzika. Najua ulikuwapo, lakini ulikuwa umewapa watu mgongo. Niliyoyaona mimi wewe hukuyaona, kwa hiyo nakueleza.

Ulipoingia na gauni la kijani, jumba zima lilizomea. Mzee mmoja mwenye fimbo alisimama juu ya kiti, mkewe anamvuta shati, yeye anapiga kelele, "Ndiye huyo! Ndiye huyo!" Mwenyekiti aliinua mikono kuwatuliza, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata alichokitaka. Akakupa kipaza sauti. Ukakiweka sakafuni polepole, kama mtu anayemwekea paka sahani. Ulipoinama, watu walidhani unapiga magoti. Wakanyamaza.

Nawe ukasimama wima mbele ya picha ya mama, ukainua kidole, ukasema kwa sauti ile ile:

"Katika nyumba hii, wewe ni nani?"

Kisha ukangoja.

Nilimsikia Mwenyekiti akikohoa. Alimnong'oneza mwenzake, "Amesahau maneno." Ukaendelea kungoja, umemkazia mama macho, kama kwamba angejibu. Ndipo mwanamke mmoja, huko nyuma kabisa, akaanza peke yake, "Mimi ni yule..." Na jumba zima likasimama:

"Mimi ni yule aliyekuosha miguu ulipougua!"

Mama Mkubwa, kuta zilitikisika. Hukugeuka kuwatazama. Ulimpa mama kisogo, ukatoka kwa mlango wa pembeni, kama unavyotoka kwenye filamu. Walikuzomea mpaka nje, huku wanalia. Wale wanawake wa langoni, nimeulizia nikawajua, ndio waliolia zaidi, na ndio waliozomea zaidi. Hata filamu ilipoanza, ulipotokea tu, wakaanza upya.

Jina limeandikwa. Herufi ni za chuma, juu ya mlango, chini ya paa la kibaraza, mvua haifiki. Mwenyekiti anawaambia watu wa magazeti kwamba lilikuwa wazo lake tangu mwanzo. Anataka urudie kila mwaka.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya picha. Ni mimi peke yangu niliyeuona uso wako wakati ule wa kungoja. Sitamwambia mtu.

Mwanao


1 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nilifika salama. Paka amerudi, na amezaa ndani ya sanduku la gauni, kwa hiyo Mwenyekiti na wazo lake watafute jingine. Mwambie mimi si ndege wa saa ya ukutani, nitoke kulia kila inapofika siku yangu.

Kuhusu watu wake, walikosea. Walijibu mapema mno. Mama yako alikuwa akikunja kwanza kile kitambaa, anakilaza mezani, anakilainisha kwa kiganja, ndipo anainua macho. Hapo ndipo palipokuwa na kazi yote. Maneno angeweza kuyasema mtu yeyote, kama ulivyosikia. Mimi nilimngoja mwaka mzima. Wao wamejisifu kwamba wanampenda, na hawakuweza kumngojea akunje kitambaa.

Yule mwanamke wa nyuma alikaribia. Ukimjua ni nani, mpe salamu zangu, na umwambie asirukie neno la kwanza.

Ulichokiona usoni mwangu ni jasho. Gauni lile ni zito.

Sasa sikiliza, maana zamu yangu haiko mbali, na bwana yule atakuja na kamati yake. Huwa hawachelewi kwa maiti. Siku hiyo simama tena langoni. Watakaokuja na mashada na maneno ya nyota, warudishe. Watakaokuja kunizomea, waruhusu waingie, na uwape viti vya mbele.

Mama yako mkubwa