Majibu Niliyokupa Mbele ya Baba Yako

Mjukuu wangu Aika,

Marahaba. Najua ukiutambua mwandiko wangu utasema shikamoo kabla hujasoma neno, hata kama uko peke yako bwenini, kwa hiyo naanza kwa kuitikia. Shule yenu hairuhusu simu, na haya ninayotaka kusema si ya kusubiri likizo. Usiushangae mwandiko kupinda. Nimeandika kwa vipande, nikipumzika kila pumzi ilipokata.

Nakumbuka Jumamosi ile ulipokuja na baba yako kutoka Mbezi, ukapanda ngazi mbio, ukanikuta kitandani. Hukunywa hata maji. "Bibi, klabu yetu ya sayansi imepata mada! Wazee wa mtaa mmoja hapa Kariakoo: nani anatibiwa, nani hatibiwi, na kwa nini." Nilifundisha Biolojia mpaka nikastaafu; ulijua unamletea nani. Tukaandika maswali, tukafuta, tukaandika tena. Uliandika, "Je, wewe ni maskini?" nikakuuliza kama ungependa kuulizwa hivyo na mtoto wa jirani. Ulicheka mpaka ukalala chali. Tukabadilisha: "Mara ya mwisho ulipougua, ulifanya nini?"

Nilikufundisha usimrekebishe unayemhoji, andika anachosema. Nikakufundisha pia umhoji akiwa peke yake, kwa sababu mzee akikaa na mwanawe hakujibu wewe, anamjibu mwanawe. Hilo nililirudia mpaka ukasema, "Bibi, nimeelewa, nimeelewa."

Ulianza na Bi Somoe, mama wa Kilindi anayekaanga mihogo hapo chini, ambaye tunapelekeana vitu kwa kikapu changu cha kamba. Ulirudi na majibu yake na mdomo wake wote. "Andika, mjukuu. Andika sukari ninayo, bima sina, dawa nameza nusu ili zinifikishe. Andika na yule wa dirisha la dawa hospitali kwamba ana kisirani. Umeandika kisirani? Hebu nionyeshe." Tulicheka wote wawili, halafu ukaipigia mstari nusu ile ya dawa, kwa sababu haikuwa na kichekesho.

Ikawa zamu yangu. Wewe ulitaka tukae chumbani, mlango umefungwa, kama nilivyokufundisha. Mimi nikasema tukae sebuleni, tena nikamwita baba yako apande kutoka dukani kwake hapo chini. "Elibariki, njoo umwone binti yako anavyofanya kazi." Akaja, akafungua soda, akakaa kati yetu. Ulinitazama, Aika. Uliona kuna kitu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa mwalimu.

"Shikamoo Bibi. Habari za afya?"

"Marahaba. Njema kabisa."

"Una kikwazo chochote cha kufika hospitali?"

"Kikwazo gani? Kadi ya bima mwanangu kanikatia."

"Mara ya mwisho kutoka nje ilikuwa lini?"

"Ah, natoka, natoka."

Baba yako akacheka. "Bibi yako huyu? Tukimwachia atahamia Feri kwenye mnada wa samaki." Alicheka akiangalia chupa yake ya soda. Alijua ni uongo, na mimi nilijua kwamba anajua. Wewe ukaandika.

Nilimwita makusudi. Hilo ndilo nataka ulijue kabla sijaondoka. Sikusahau utaratibu niliokufundisha; niliutumia kinyume. Nilijua tukibaki wawili ningekwambia yote, nikajiwekea mlinzi.

Na yote ni haya. Lifti ya jengo hili iliharibika zamani, na vyumba vingi vimegeuzwa stoo. Stoo zikijaa, mizigo inamwagikia kwenye ngazi. Upande mmoja maboksi ya sahani, upande wa pili marobota ya mapazia, na katikati njia ya kupita mtu mwembamba mwenye miguu mizima. Yangu imevimba. Chupa za chai zilizopangwa kutoka ghorofa ya tatu mpaka mlangoni kwangu ni za baba yako. Nilimwambia mara moja, kwa upole. "Mama, hizo ni za wiki moja tu, zinakwenda mikoani." Kweli zilikwenda. Zikaja nyingine. Sikumwambia tena. Chupa hizo ndizo zinazolipa ada yako, na ndizo zilizonikatia bima.

Siku moja, kabla hujaanza utafiti wako, pumzi ilinibana, ikabidi nipelekwe hospitali Upanga. Baba yako akamwita Chande, mpagazi anayempandishia mizigo, akanibeba mgongoni. Kijana mwenye adabu, alinisalimia kabla hajaniinua. Lakini tulipofika kwenye kona ya ghorofa ya pili watu wamejaa, mikono yake imeshika miguu yangu, mdomo ukafanya ulichozoea: "Mzigo! Mzigo huo! Pisha mzigo!" Watu wakajibana ukutani. Mmoja akauliza, "Dukani kwa nani huo?" Wakacheka. Mwanamke mmoja akawakemea, "Nyie hamna haya? Bibi wa watu huyo!" na hilo likaniuma zaidi. Nilificha uso kwenye shingo ya Chande kama mtoto aliyelala. Niliyesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote, niliapa sitateremka tena kwa namna hiyo. Na namna nyingine haikuwepo.

Tangu hapo kila kitu kinapanda kwangu. Chakula kinapanda, maji yanapanda, dawa zinapanda, mzee wa kanisa anapanda na meza ya Bwana kwenye mkoba wake. Mimi tu ndiye sishuki. Daktari ameandika nirudi hospitali kupimwa moyo. Kadi ya bima iko kwenye droo, mpya kama siku ilipotoka. Nikisimama kibarazani nauona mtaa wote, vichwa vya watu na miavuli ya wamachinga, nasikia harufu ya mihogo ya Bi Somoe, na siwezi kwenda kumshika mkono. Baba yako huniuliza kila jioni, "Mama, umekosa nini?" Nami kila jioni nasema sijakosa kitu. Tumefungiana mlango kwa heshima.

Utafiti wako ulipata cheti. Kwenye ukurasa wa mwisho uliandika kwamba wazee wenye bima na watoto wenye biashara hawana kikwazo cha kufika hospitali. Ulinisomea kwa sauti, nikakupigia makofi. Ofisi ya mtaa wakaupenda, wakaleta hema la kupima wazee huku chini. Bi Somoe sasa anapimwa sukari na dawa anameza nzima, na kwa hilo nakushukuru. Lakini nilisikia kwamba mmoja wao aliuliza kama kuna wazee wa ghorofani wa kufuatwa, wakafungua utafiti wako, wakakuta hakuna. Jibu hilo lilikuwa langu. Sikujifungia mlango peke yangu; niliwafungia na wenzangu.

Unamkumbuka Mzee Kassim wa ghorofa ya nne, aliyekuwa akikutania kwamba utaolewa na mjukuu wake? Naye alikuwa hashuki. Tulikuwa tukiongea kupitia sakafu: yeye anagonga bomba kwa fimbo, mimi nagonga kwa kijiko, basi kila mmoja anajua mwenzake kaamka. Mwezi uliopita aliacha kugonga. Alifariki asubuhi. Aika, kabla ya adhuhuri ngazi zilikuwa tupu. Nilifungua mlango nikaziona, ngazi pana, za saruji, zina mshikio wa chuma ambao nilikuwa nimeusahau. Baba yako alikuwa chini amevua koti, anabeba chupa zake mwenyewe kuzitoa njiani. Mzee Kassim akateremka kwenye jeneza, watu wakipokezana, hakuna aliyebanwa. Saa ya alasiri maboksi yakarudi.

Kumbe zinaweza kutolewa. Sijalala na wazo jingine tangu siku hiyo. Zitatolewa na kwangu pia, baba yako atavua koti, nami sitauona mshikio ule.

Kwa hiyo niulize tena, mwanangu. Niulize tukiwa wawili, kama nilivyokufundisha, nami nakujibu hapa. Kikwazo cha kufika hospitali ninacho. Ni ngazi, ni chupa za chai, na ni kiburi changu. Mara ya mwisho kutoka nje ilikuwa mgongoni kwa Chande. Habari za afya si njema. Si njema hata kidogo, Aika.

Sahihisha ukurasa wa mwisho. Wasomee wenzako wa klabu barua hii, uipeleke na ofisi ya mtaa, waambie mhojiwa wa ghorofa ya tano alidanganya, wapande wawahoji wengine, na watoto wao wakae nje. Sijaifunga bahasha. Kila mkono itakaopitia una ruhusa ya kusoma. Nakala nimeiweka mezani, chini ya kikombe cha baba yako. Usimchukie. Nilimlea asiniulize mara mbili.

Barua inashuka sasa hivi kwa kikapu. Bi Somoe ameshaishika kamba, ananifokea kutoka chini, "Mwalimu, rudi nyuma huko, utaanguka na kikapu chako!" Nimemwomba pia aniitie Chande. Jumamosi, pumzi ikiruhusu, nitateremka niende hospitali, ngazi ziwe tupu au ziwe zimejaa. Na tukifika ile kona ya ghorofa ya pili akasahau, akaanza kelele zake, safari hii sifichi uso. Nitapiga kelele naye mpaka watupishe.

Kula vizuri, soma, na ukiambiwa njema, uliza tena.

Bibi yako wa ghorofa ya tano