Salamu Ambayo Sikuiona

Karatu, Jumamosi

Dada Mwanaidi,

Natumaini nyote hapo Pangani hamjambo. Mimi mzima, ila sina raha. Kreta ya Ngorongoro ndiyo hiyo pichani nyuma ya kadi hii, na wanyama tumewaona. Baridi ya huku juu inapenya sweta zote mbili ulizonifungia.

Jana tulisimama kwenye boma la Wamasai. Binti mdogo akaja mbele yangu, akainamisha kichwa. Nikasubiri shikamoo, haikuja. Nikasema kwa sauti ya darasani, walimu wenzangu wakisikia, "Huku watoto hawafundishwi kuamkia?"

Mama yake akanijibu taratibu, "Amekuamkia, mwalimu. Anangoja umguse kichwani."

Mtoto alikuwa bado ameinama. Nikamgusa, akaenda zake. Mimi nikarudi kukaa garini, sikutaka kuona kitu kingine.

Njia nzima nilimfikiria mwanao Zuhura, nilivyomfokea mbele ya wageni kwamba hana adabu. Ana sauti ndogo yule mtoto. Huenda aliniamkia. Mpe salamu zangu, umwambie mjomba akirudi atainama amsikie.

Kaka yako,
Bakari