Niliona Uchungu Kumwaga Maji, Lawama Nikamtwika Khadijo

Bi. Safiyo mpendwa,

Asalaam aleikum. Nasoma majibu yako kila Ijumaa, na mara nyingi nacheka unavyowakemea watu, lakini leo zamu yangu imefika na sina kicheko, naomba unisaidie na unisikilize mpaka mwisho kabla hujaanza kunisema. Mimi ni mwandishi wa barua hapa Garissa mjini, nakaa na taipureta yangu karibu na maofisi, watu wananieleza shida zao nami naziweka katika lugha ya ofisi, na sasa kuna barua moja nimeagizwa kuandika, nusu ukurasa tu, na siku tisa zimepita imenishinda, kwa sababu nikiiandika kama nilivyoambiwa nitakuwa nimemmaliza mtu asiye na kosa.

Kaka yangu mkubwa, Guleid, ambaye nyumbani tunamwita Abowe, alikuwa mpiga mbizi bandarini Kismayo kwa miaka kumi na minne mpaka vita vilipomrudisha Garissa mwaka wa tisini na moja, akaja na nguo alizovaa tu, na kitu alichokililia hakikuwa nyumba wala gari, ilikuwa bahari. Rafiki yake wa Mombasa mwenye leseni ya kuuza samaki wa mapambo akamsaidia kuweka tangi la kioo sebuleni, lita mia tatu, lenye mawe ya baharini, matumbawe hai na samaki wadogo, na usidhani matumbawe ni mawe, Bi. Safiyo, ni viumbe, hufunguka taa ikiwaka na hujikunja ukiyagusa. Abowe akitoka msikitini alikuwa anakaa mbele ya tangi lile na hasira zote zinamwisha.

Mwaka huu akaenda Saudia kabla ya Ramadhani, akakaa kwa jamaa zetu Jeddah mpaka amalize Hija, na tangi akaniachia mimi. Alinibandikia maagizo ukutani. Maji yanayokauka kila siku kwa joto na feni niyarudishe kwa maji ya mvua tu, yale ya pipa la bati, kwa sababu kinachokauka ni maji na chumvi inabaki palepale. Kila Ijumaa nitoe ndoo mbili za maji ya tangi nimwage, nitie ndoo mbili mpya zilizochanganywa na chumvi yake maalumu. Na samaki niwape chakula kidogo, kiasi cha vidole viwili, mara moja kwa siku.

Maagizo matatu, Bi. Safiyo, na nimeyavunja yote matatu, na wallahi sikuyavunja kwa uvivu. Unakumbuka kiangazi cha jilaal mwaka huu kilivyokuwa, ng'ombe wanalala barabarani hawaamki, wanawake wanagombania mkokoteni wa punda wenye maji hata kabla haujasimama, halafu mimi nichukue maji matamu ya mvua niwamiminie samaki wakati majirani wanakuja na kibuyu? Nikawapa majirani maji ya mvua, na tangi nikalijaza maji ya kisima cha pampu, yale yenye chumvi, nikijiambia kwamba hawa ni viumbe wa bahari, chumvi ndiyo chakula chao. Na zile ndoo mbili za Ijumaa, nilizichota mara ya kwanza nikatoka nazo nje, nikayatazama maji meupe yanang'aa, nikaona watu barabarani wananitazama, mkono ukakataa. Nikayarudisha ndani, na tangu siku hiyo sikutoa hata tone. Na wageni waliokuja kuliona tangi, kila mmoja nilimpa chakula awarushie samaki, kwa sababu kwetu hatuwezi kukaa tunamtazama kiumbe mwenye njaa tukakunja mikono, na samaki wale wanaonekana wana njaa saa zote.

Mwezi wa pili vioo vikaota ukungu wa kijani, mwani ukatambaa juu ya mawe. Kile kipimo cha chumvi kinachoelea kikapanda juu ya alama yake, nikasema kimeharibika. Ile dawa ya kupimia uchafu usioonekana kwa macho, ambayo maji yakiwa mazuri hayabadiliki rangi, ikageuka nyekundu, nikasema imepitwa na wakati. Khadijo ndiye aliyenionya. Huyu ni mama wa makamo, mzaliwa wa Barawa, mkimbizi wa kambi ya Hagadera, amesaidia kazi nyumbani kwa Abowe miaka minne na sote tunamwita eddo kama shangazi yetu. Alisimama na ufagio wake akatazama, akasema, "Korane, maji haya yamechoka. Yatoe." Nikamjibu kwamba mwaka kama huu hakuna mtu mwenye akili anayemwaga maji masafi. Akaendelea kufagia.

Abowe aliporudi, matumbawe kumi na moja yalikuwa yamegeuka meupe, yamebaki matatu, na samaki wamebaki wawili. Nyumba ilikuwa imejaa, shemeji yangu na majirani wawili wazee wamekuja kumpokea haji wao, na yeye amesimama mbele ya tangi, chai mkononi haijaguswa. Akauliza nini kimetokea. Bi. Safiyo, sijui maneno yale yalitoka wapi, nimeyatafuta kila siku tangu hapo, nilisema, "Nilimwona eddo Khadijo akiosha kioo kwa sabuni."

Akaitwa kutoka jikoni. Abowe hakumfokea, alimuuliza tu kama ni kweli. Naye hakumtazama Abowe, alinitazama mimi, macho ya kuomba msaada, akasema, "Korane yupo hapa. Atasema."

Nikasema, "Nimeshasema."

Akakana mara moja tu, akaenda akachukua shuka yake, akatoka, na kesho yake akapanda gari la Hagadera. Hilo lilikuwa mwisho wa Aprili. Sasa huko Hagadera amepata nafasi ya kupika katika jiko la shule, lakini kamati inataka barua ya tabia kutoka nyumba aliyofanya kazi mwisho, ifike kabla ya mwezi huu kwisha, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Abowe akaniambia niiandike mimi kwa vile ndiyo kazi yangu. "Andika ukweli," akasema. "Kwamba alikuwa mchapakazi, lakini aliharibu kitu akakana."

Nifanye nini? Nimefikiria niandike barua nzuri ya kumsifu, nimpe Abowe atie sahihi bila kumsomea, maana macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo, hivyo Khadijo atapata kazi na hakuna atakayeumia. Je, si njia ya amani? Na kama unamjua mtu wa samaki wa bahari niulizie pia hili, kwamba Abowe amesema Jumamosi ya mwisho wa mwezi atatoa mawe yote ayachemshe na kuanza upya, kwa kuwa anaamini sabuni imeingia ndani yake, na yale matumbawe matatu bado yanafunguka kila asubuhi. Siwezi tena kukaa katika sebule ile. Najuta, Bi. Safiyo, na kujuta kwangu hakumsaidii mtu.

Mimi Korane,
Garissa, Juni 1997


BI. SAFIYO ANAJIBU

Wa aleikum salaam, Korane. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba kwenye bahasha, ingawa nilishawishika kuliacha lako.

Nianze na mahali ambapo sikulaumu. Mtu aliyekulia nchi ya kungoja maji hawezi kumwaga ndoo mbili safi mbele za watu bila moyo kumuuma. Nami nimezaliwa huko, najua. Ungemweleza kaka yako hivyo siku ile, mbele ya chai yake, angehuzunika, pengine angekuita mjinga, na mambo yangeisha jioni hiyo. Ila kwa kukosa ujasiri wa dakika moja, umemfukuzisha mama wa watu.

Barua yako nilimpelekea Diriye, jamaa yangu aliyetunza matangi ya samaki wa bahari Mombasa muda mrefu. Alitikisa kichwa tangu mstari wa maji ya kisima. Anasema maji yanaweza kung'aa na yakawa yamejaa uchafu, kwa sababu chakula kinachobaki na choo cha samaki huyeyuka humo, na mwani ndio unaoshiba wakati matumbawe yanadhoofika. Kutoa maji ya zamani ndiyo njia ya kuutoa uchafu huo. Na chumvi ya kisima uliyokuwa unaongeza juu ya chumvi iliyobaki iliwakausha viumbe wale wakiwa ndani ya maji. Tena ujue, maji ya Ijumaa uliyoyahifadhi kwa huruma hayanywewi na mtu wala mbuzi, na shamba ukilimwagia linakufa. Hukumwokolea mtu yeyote kitu.

Sasa tiba. Mawe yasichemshwe. Hakuna sabuni humo, na ndani ya mawe hayo mna vijidudu vinavyosafisha maji, mkivichemsha mtaua na matatu yaliyobaki. Usibadilishe maji yote kwa pupa. Toa ndoo nusu kila siku, rudisha maji mapya yenye chumvi pungufu kidogo, mpaka kipimo kishuke kwenye alama yake taratibu, kama wiki mbili hivi. Mwani uutoe kwa mkono. Samaki wawili wapewe chakula siku moja, siku ya pili wafunge. Maji yanayokauka yarudishwe kwa ya mvua, na pipa likikauka nunua maji ya betri kituo cha mafuta, yale matupu yaliyochujwa, si ile asidi, usije ukaniandikia tena ukilia. Wageni watazame kwa macho.

Umeona lakini tatizo lako? Huwezi kumzuia Guleid kuchemsha mawe bila kumwambia kwamba sabuni haikuwapo. Uongo wako umempa kaka yako tiba ya ugonjwa ambao tangi halina, na atayaua kwa mikono yake matumbawe uliyoyabakisha wewe. Hiyo peke yake ingetosha kukufungua mdomo.

Kuhusu njia yako ya amani, nasema hapana. Unataka kumdanganya kaka yako mara ya pili, sasa kwa kutumia udhaifu wa macho yake. Na Khadijo atapika katika jiko hilo huku Garissa nzima bado inamjua kama mwanamke aliyeharibu nyumba ya haji akakana. Hiyo ni amani ya nani?

Kisha unasema alikutazama akiomba msaada. Soma tena maneno yake uliyoyaandika kwa mkono wako. Yule mama alijua ni wewe. Alikuwa amekuonya, alikuwa ameona maji ya kisima yakiingia ndoo baada ya ndoo. Angeweza kukutaja pale pale mbele ya wazee, na wangemwamini. Alikuachia nafasi useme mwenyewe ili usiaibike kwa kinywa cha mtu mwingine. Hakuomba msaada wako, Korane. Alikuwa anakusaidia, na wewe ukampiga kwa hisani yake. Nimeisoma sehemu hiyo mara tatu na kila mara imeniuma.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwombe kaka yako awaite wazee wale wawili na shemeji yako, wakae sebuleni ileile. Sema yote, kuanzia maji ya kisima mpaka sabuni, usitafute huruma kwa habari za ukame mpaka umemaliza. Guleid akikasirika, mwache akasirike. Halafu kaa kwenye taipureta, uandike barua ya kamati. Sema Khadijo alifanya kazi miaka minne bila doa, sema alisingiziwa, na aliyemsingizia aandike jina lake na kutia sahihi chini ya ile ya Guleid. Msomee kaka yako kila neno kwa sauti.

Barua hiyo usiitie posta wala usimpe dereva. Panda gari uipeleke Hagadera kwa mkono wako, kwanza kwa kamati, kisha kwa Khadijo. Usimbebee sukari wala shuka mpya, na usimwambie arudi kazini kana kwamba unamfadhili. Mwambie ulichofanya, mwombe radhi, unyamaze. Anaweza kukusamehe, anaweza kukwambia uondoke, na hilo litakuwa lake kuamua, wewe umeshaamua ya kutosha kwa niaba yake.

Jibu hili nimekutumia pia kwa posta ya haraka, kwa maana gazeti litakufikia mwezi ukiwa ukingoni. Ukishalisoma usinijibu mimi. Nenda kwa Guleid leo.