Majembe ya Masumbwe

Jumanne, 9 Julai 2024

Kampuni ya mgodi imeomba kesi ya nyumba zilizopasuka kwa milipuko yake Masumbwe ihamishiwe huku Shinyanga. Kanijulisha Wakili Theonest, anayewatetea wenye nyumba. Sababu ya kampuni: usalama wa mashahidi wake. Ushahidi: habari yangu ya mwezi uliopita. Imeambatishwa kwenye maombi, jina langu juu! "Wadai walifika mahakamani wakiwa na majembe mikononi."

Ni kweli walikuwa nayo. Niliyaona.

Jumatano, 10 Julai

Masumbwe. Nimemkuta Mama Kudra, mdai wa kwanza, akiziba ufa kwa udongo. Ufa unaingia mkono. Shikamoo yangu ilisubiri kabla ya kupata marahaba.

Akauliza watu wa hapa hulima nini mwezi wa sita, ardhi ikiwa kavu. Jirani akadakia — labda mwandishi alidhani tunalima lami ya mahakamani.

Walikuwa wametoka kuchimba kaburi la mzee Ngusa, mdai mwenzao. Huku msiba ukitokea kila nyumba hutoa jembe. Asiyefika hutozwa faini. Kesi ilipangwa asubuhi hiyohiyo. Wakapitiliza mahakamani, udongo miguuni.

Nilijua. Ezekiel, mtoto wa marehemu, aliniambia palepale mlangoni. Sentensi ya kaburi niliikata mwenyewe. Habari ilikuwa ndefu — hapana. Majembe bila kaburi yalivutia zaidi.

Mama Kudra hakunifokea. Alisema tu kwamba yeye Shinyanga hafiki. Mgongo hauwezi basi mpaka Kahama, kisha jingine. Wasipotokea, kesi inafutwa.

"Ndicho wanachotaka, baba."

Baba! Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 11 Julai

Theonest anataka niape kuhusu majembe. Mhariri wangu, Monika, hataki: mwandishi haingii kwenye kesi anayoiripoti. Anatoa masahihisho, mistari miwili, ukurasa wa ndani. Nikasema jaji hatayaona. Akasema basi nichague, kalamu au kizimba.

Ijumaa, 12 Julai

Kiapo kiko mezani. Theonest ameandika kwamba sikufahamu walikotoka. Nimekata. Nimeandika juu yake: nilifahamu, nikaacha kuandika.

Nilipomsomea kwa simu, aliniomba nirudie. Kisha: "Kaka, kwa kesi yangu ni dhahabu. Kwa kazi yako, ni kaburi la pili. Sentensi niliyoandika mimi ingetosha."

Ingetosha. Na ningekuwa nimekata ukweli tena.

Kamishna wa viapo, ambaye lazima nisaini mbele yake, yuko mtaa wa pili, anafunga saa tisa. Sasa saa nane na nusu. Sijatoka. Jaji anasikiliza maombi Jumatatu, tarehe 15.