Siku Baba Alipokuja Kunitoa Kambini

Kambi ya Wanafunzi wa Kujitolea,
S.L.P. 31,
Kutus.

4 Mei 1974

Mpendwa Shangazi Kibibi,

Assalaam alaikum. U hali gani huko Tanga, na miguu yako inaendeleaje? Mimi ni mzima, ila mvua ya huku haitupi nafasi hata ya kuanika nguo.

Najua habari zangu zimekufikia, tena zimefika vibaya. Ati nimeacha masomo, ati nalala nyumba moja na wavulana. Nakuandikia upate ukweli kwangu mwenyewe, kwa sababu wewe ndiye dada mkubwa wa Baba na neno lako analisikia.

Masomo sijaacha, Shangazi. Chuo Kikuu kimefunga kwa likizo. Mwaka huu nilijiunga na chama cha wanafunzi wanaojitolea, na pia kikundi cha huduma ya kwanza. Tumekuja hapa Kutus kujenga darasa na kufundisha gumbaru, yaani watu wazima wasiojua kusoma. Wasichana tunalala kwa mke wa mchungaji. Wavulana wanalala kanisani. Mama nilimweleza, akakubali. Baba alikuwa safarini kununua ng'ombe. Aliporudi Nyeri, mtu sokoni akamjaza maneno.

Jumanne ya wiki iliyopita nilikuwa nafundisha. Mwanafunzi wangu mmoja, Wakonyo, mja mzito, aliinama juu ya meza akasema polepole, "Mwarimu, niko na maumivu." Nilipomsaidia kusimama niliona damu kwenye benchi.

Shangazi, chuoni tulijifunza kufunga bendeji kwa kufungana sisi kwa sisi, huku tunacheka. Hapo sikucheka. Nilimlaza chini, nikamwinua miguu, nikamfunika kwa leso yangu. Wenzangu walikimbia barabarani kutafuta gari lolote la kwenda hospitali ya Kerugoya. Hakuna lililopita, matope yalikuwa yamefika magotini.

Ndipo nikasikia pikapu ya Baba. Naijua ngurumo yake tangu utotoni.

Aliingia na kofia yake, hakusalimu mtu. "Beba vitu zako, twende nyumbani."

"Baba, kuna mgonjwa."

"Nimesema beba vitu zako!"

Sikusogea. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kumkatalia Baba. Kisha akamwona Wakonyo, na damu iliyofika sakafuni. Akatoka, nikadhani ameniacha. Kumbe alikuwa anatandika magunia nyuma ya gari.

Tulikwama kabla hatujafika mbali. Wavulana walikuwa wametufuata kwa miguu, na Mutahi, kiongozi wetu, akapiga kelele, "Mzee, kanyaga mafuta, sisi tutasukuma!" Walisukuma mpaka nyuso zao zote zikawa matope. Mimi nyuma chini ya turubai nilikuwa nimemshika Wakonyo, namwita jina asilale. Alianza kutojibu.

Kerugoya walimpokea mbio. Mtoto alitolewa hai, msichana. Lakini daktari alitoka akasema mama amepoteza damu nyingi, na anahitaji ya kuongezwa upesi. Mumewe, Simeon, aliyepanda garini pamoja na Mutahi tulipokwamuka, alipimwa, damu yake haikufaa. Yangu pia haikufaa. Mutahi akakataliwa vilevile. Simeon alikaa chini sakafuni akashika kichwa.

Baba alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Akavua koti, akakunja mkono wa shati. "Na mimi nipimeni," akasema.

Damu ya Baba ilifaa.

Tulikaa kwenye benchi tukingoja. Jioni muuguzi akaja kutuambia Wakonyo amefungua macho na ameomba maji. Nililia, Shangazi. Baba alinipa leso yake ya mfukoni, akaangalia pembeni.

Tulipoondoka, alifika njia panda akasimamisha gari. Njia ya Karatina ingetupeleka nyumbani. Alikaa ameshika usukani, kisha akakata kona kuelekea Kutus.

"Hao vijana wanakula nini huku?" akaniuliza.

"Githeri, Baba," nikasema, yaani mahindi na maharagwe.

"Kila siku?"

Jana kulikuja mtu wa Sagana na mguu mzima wa ng'ombe, akasema umetumwa na Mzee Jumaa.

Wakonyo yuko nyumbani sasa, na mtoto ameitwa Watiri, jina la bibi yake. Nilipomtembelea aliniomba nimwonyeshe jina hilo linavyoandikwa.

Nisalimie Mjomba Rashid na binamu yangu Mwanaisha. Mungu akupe afya na akulinde wewe na nyumba yako yote.

Na tafadhali, ukimwandikia Mama, usitaje habari ya damu. Baba amemwambia ati alichelewa kwa ajili ya matope.

Mimi mwanao, nikupendaye sana,

Subira binti Jumaa