Msiseme Ni Mgonjwa Kidogo

Mombasa, 1998

Kwako Mama,

Pokea salamu za mke wa mwanao. Natumaini mguu umeacha kukusumbua na mvua imefika Ndhiwa. Mimi naamka, nafanya kazi, nalala. Mgongo tu ndio unanung'unika. Shemeji Ochieng akikusomea hii, akugeuzie kwa Kijaluo bila kuruka mahali. Ochieng, nakujua.

Mama, nataka kusema juu ya ile simu.

Unakumbuka nilikueleza kwamba mzee wa nyumba hii, anayetoa mizigo bandarini, ana simu ya mkononi. Nilipokuja ilikuwa kubwa kama tofali, ina chuma cha kuvuta juu, naye akiongea alisimama kwa ngazi akipaaza sauti kama anayeita ng'ombe. Baadaye akaleta nyingine nyembamba kidogo. Sasa anayo ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia. Juzi nimeiokoa mfukoni mwa suruali nikitaka kuloweka. Ndiyo hiyo aliyokubali niwape namba yake, mpige kukiwa na shida tu.

Basi siku ile nilikuwa nakuna nazi. Mkewe, Mama Zuhura, akaniletea simu jikoni. "Boke, wa kwenu hawa." Kabla sijasikia sauti nilijua ni shida, maana hamkuwa mmewahi kupiga namba hii.

Ni Ochieng, yuko kwa kibanda cha simu Homa Bay. "Shemeji, jipe moyo. Atieno ni mgonjwa kidogo. Kama unaweza kuja..." Sarafu zikaisha, ikakatika. Kibanda nacho hakina namba ya kumrudia.

Nikakaa chini palepale. Nikavua kitambaa kichwani, nikalia kilio cha kwetu. Mama Zuhura akashtuka.

"Kwani amekwambia mtoto amekufa?"

"Amesema ni mgonjwa kidogo."

"Basi si mgonjwa? Mbona wamzika mwanao kwa mdomo?"

"Mama, kwetu ndivyo wanavyosema."

Wewe unajua nilijifunzia wapi. Nilikuwa Kehancha kwa wazazi wangu ulipopiga kwa ile stoo ya tumbaku, kwa simu ya kuzungushwa mkono, ukaacha ujumbe: Odhiambo ni mgonjwa kidogo, Boke aje. Nikampikia mume wangu uji wa wimbi, nikautia kwa chupa ya chai, nikaukumbatia njia nzima. Nikafika nikaona turubai limefungwa na watu wamejaa boma. Alikuwa amezama ziwani Muhuru Bay, ameshaletwa nyumbani. Wewe ndiye uliyeipokea ile chupa mkononi mwangu. Uji ulikuwa bado moto.

Sikulaumu. Ulinificha ili nifike kwa miguu yangu. Desturi ni hiyo, habari ya msiba haitumwi kwa waya. Mtu anaitwa aje aone.

Sasa, kesho yake baada ya simu hii ya Atieno, nimefunga mzigo, hata nguo nyeusi nimeazima, Ochieng akapiga tena.

"Shemeji, usihangaike kuja. Mtoto ametolewa dripu, anakula omena, vichwa anatupa."

"Yuko hai?"

Akacheka. "Si nilisema mgonjwa? Mgonjwa ni mgonjwa."

"Na kaka yako alikuwa mgonjwa?"

Hapo sarafu zikaisha.

Mama, nakuheshimu, na mtoto wangu anakua vizuri mikononi mwako. Lakini kwa hili sitanyamaza. Zamani neno lilipitia stoo, likapitia midomo ya watu, na mtu alikuwa na safari ya kujiandaa. Sasa linaingia moja kwa moja jikoni, mikono ikiwa na nazi. Simu imebadilika, na sisi tubadilishe tunavyosema. La sivyo, kila homa ya Atieno nitakuwa nimemzika. Akiwa mgonjwa, mbebeni mpaka kibandani, mpeni simu akohoe nisikie. Asipoweza kuongea, iwekeni karibu na pua yake. Na kama hayupo, semeni hayupo. Nitaanguka, lakini nitaanguka mara moja.

Nisalimie jirani yako anayekutekea maji, na mwalimu wa nasari wa Atieno. Ochieng mwambie sijamkasirikia. Atieno mwambie mama yake amesema vichwa vya omena havitupwi.

Jambo la mwisho. Nimemwagiza Mama Zuhura vilevile. Siku yangu ikinikuta huku, asiwatumie neno kwamba Boke ni mgonjwa kidogo. Aseme lilivyo, ili usije ukanipikia uji.

Ni mimi, mke wa Odhiambo hata sasa,
Boke, Mama Atieno